Umefunga Kipuri Kipya, Revu Zimepanda: Fuata Hewa Kabla ya Kununua Sensa

Gari liliingia gereji likisimama kwenye revu 700. Limetoka na throto bodi mpya, yaani lango la hewa ya injini, na sasa linasimama kwenye 1,500. Pengine kilichobadilishwa si throto bali manifoldi ya hewa (inayogawa hewa kwa silinda), au eakilina ya koni, au ile vali ya tabo inayotoa mlio kila dereva anapoachilia mafuta. Dalili ni ile ile: injini imepata moto, mguu uko nje ya pedeli, na sindano inakataa kushuka. Gari la otomatiki linashtuka ukiweka D, na kwenye jamu ya Mombasa Road unakalia breki muda wote kwa sababu gari linataka kwenda lenyewe.

Hapo ndipo kubahatisha huanza. Fundi mmoja anageuza skrubu ya throto. Mwingine anamtuma kijana Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, akalete sensa. Wa tatu anachomoa betri na kumwambia mwenye gari asubiri, itajifunza. Wakati mwingine mmoja wao hupatia, na hilo ndilo hufanya mchezo huu usiishe.

Injini ya petroli kwa kawaida haipandi revu bila kupata hewa ya ziada. Mafuta peke yake hayatoshi: ukiongeza petroli bila hewa, injini inatoa moshi mweusi na kulegea, haipandi. Kwa hivyo maswali ya kuuliza ni mawili tu. Hewa hiyo inaingilia mlangoni, yaani kwenye throto, au dirishani, yaani kwenye gasketi, mpira au ufa ulio baada ya throto? Na kompyuta ya injini, ECU, inaihesabu hewa hiyo au haiioni? Ukishapata majibu ya hayo mawili, sehemu ya kufungua inajulikana.

Hakikisha kwanza kwamba injini imepata moto

Injini nyingi za silinda nne tulizo nazo hapa, za Vitz, Fielder, Note, Demio na Fit, husimama kati ya revu 600 na 850 zikiwa moto na AC imezimwa. Zikiwa baridi, 1,100 hadi 1,500 si ugonjwa. Zinatakiwa kushuka taratibu dakika chache zikipita. AC, taa kubwa, usukani uliokatwa mpaka mwisho au betri iliyochoka, vyote humfanya ECU apandishe kidogo. Kwa hiyo zima kila kitu, nyoosha usukani, weka gia P au N, ndipo usome.

Lakini usipime moto wa injini kwa geji ya dashibodi. Geji nyingi hukaa katikati kwa muda mrefu huku maji yakiwa bado hayajafika. Chomeka mashine ya kupima, hata ile ndogo ya Bluetooth inayosomeka kwenye simu, uangalie joto la maji. Unataka kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Ukikuta 60 na gari limeshatembea nusu saa, kuna uwezekano mkubwa kwamba thermostati ilitolewa na fundi fulani zamani, kwa ile imani kwamba Nairobi gari huchemka kwa sababu ya thermostati. Asubuhi za Julai injini ya namna hiyo haifiki moto kamwe, na ECU, akifanya kazi yake ipasavyo, anaendelea kuipa revu za baridi. Hiyo si kosa la kipuri kipya, ila kwa kuwa ulikuwa unaitazama sindano baada ya kazi mpya, ndipo ukaiona.

Ukikuta joto linasoma nyuzi 40 chini ya sifuri, waya wa sensa ya maji umechomoka au umekatika. Konekta yake huguswa sana wakati wa kufungua manifoldi, na kosa linaloandikwa kwa kawaida ni P0118.

Kuna hewa ya aina nyingine pia, ile iliyonaswa ndani ya maji. Throto bodi nyingi zina mipira miwili midogo ya maji ya rejeta inayopita chini yake. Ukiifungua, maji yanamwagika na hewa inaingia. Kwenye injini za zamani za kebo, chini ya throto kuna kidonge cha nta kinachotanuka kwa joto la maji na kufunga njia ya hewa ya baridi. Hewa ikinaswa hapo, nta haipati moto, njia inabaki wazi, na revu zinabaki juu hata kama injini yenyewe imeiva. Matokeo ni hayo hayo fundi akiamua kuunganisha mipira hiyo miwili pamoja na kuipita throto kwa hoja kwamba hapa hakuna theluji. Kwa throto ya umeme hilo huenda lisilete neno. Kwa throto yenye nta, umejitengenezea tatizo la kudumu.

Kuitoa hewa: fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa, inua mbele ya gari kidogo, weka hita kwenye joto la mwisho, washa, na uongeze maji kadiri yanavyoshuka hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto.

ECU anahesabuje hewa

Hapa ndipo ushauri wa mitandaoni unapowapoteza watu wengi, kwa sababu kuna mifumo miwili na dalili zake hazifanani.

Mfumo wa kwanza hutumia sensa ya MAF iliyo kwenye paipu baada ya eakilina. Inapima hewa inayopita mbele yake. Fielder na Vitz za injini ya 1NZ, Note, Demio na nyingine nyingi ziko hivyo. Hewa ikiingilia dirishani, MAF haiioni. ECU anatoa mafuta machache kuliko hewa iliyoingia, mchanganyiko unakuwa mwembamba, sensa ya oksijeni inalalamika, na ECU anaongeza mafuta kufidia. Fidia hiyo inaonekana kwenye mashine kama asilimia: ya muda mfupi na ya muda mrefu.

Mfumo wa pili hutumia sensa ya MAP, inayopima presha iliyo ndani ya manifoldi. Honda Fit za mwanzo ni za aina hii, na Toyota 110 yenye injini ya 5A pia. Hewa ya dirishani ikiingia, presha ya manifoldi inapanda, MAP inaiona, na ECU anatoa mafuta sawasawa kana kwamba wewe ndiye umekanyaga. Injini inazunguka juu, laini kabisa, bila kutetemeka, bila taa ya injini, na fidia iko karibu na sifuri. Fundi anakwambia mashine haioni kosa, na anasema kweli.

Kwa gari la MAF, basi, jumlisha fidia mbili injini ikiwa moto. Chini ya asilimia 10, juu au chini ya sifuri, ni kawaida. Ikiwa ni zaidi ya +15 revu zikiwa za kusimama, lakini inashuka ukizishikilia kwenye 2,500, dirisha liko wazi: kiasi cha hewa inayovuja ni karibu kile kile, ila kwa revu 2,500 kimekuwa sehemu ndogo ya hewa yote. Kosa la P0171 mara nyingi huandikwa hapo. Fidia ikipanda kadiri revu zinavyopanda, achana na uvujaji utazame pampu ya mafuta, filta, au MAF yenyewe. Na kama revu ziko juu huku fidia iko karibu na sifuri, hewa yote inapita mbele ya MAF. Yaani inaingilia mlangoni, na kupulizia gasketi ni kupoteza sprei.

Kwa gari la MAP fidia haisaidii. Tumia jaribio la kuziba mdomo. Toa paipu ya hewa kwenye throto, washa injini, kisha funika mdomo wa throto kwa kipande bapa cha mbao au plastiki ngumu. Usitumie kitambaa, kitamezwa. Injini isiyovuja itazima ndani ya sekunde moja au mbili. Ikiendelea kuzunguka, hata kwa kusuasua, inapumua kwingine, na mara nyingi utasikia mluzi ukitoka pale pale penye uvujaji. Kwa gari la MAF jaribio hili si la kutegemea, kwa kuwa ukitoa paipu sensa inasoma sifuri na injini inaweza kuzima kwa sababu hiyo tu.

Dirishani: gasketi, mipira na nyufa

Anza na sehemu ulizogusa. Throto bodi hukazwa kwa bolti tatu au nne, na gasketi yake haina tu tundu kubwa la katikati. Ina matundu madogo ya hewa ya pembeni na pengine ya maji. Kabla ya kufunga, laza gasketi ya zamani juu ya mpya, kisha mpya juu ya nyuso zote mbili za chuma. Tundu lililozidi upande mmoja ni njia ya hewa isiyofungwa. Tundu lililokosekana linafunika njia iliyopaswa kuwa wazi, na hapo unaweza kupata kinyume: injini inazima.

Kujaza silikoni mahali pa gasketi ni mazoea mabaya yaliyoenea. Silikoni ya kawaida huliwa na mvuke wa petroli, vipande vyake huingia ndani, na ile yenye harufu kali ya siki huharibu sensa ya oksijeni. Kama uso wa chuma umekwaruzika, upelekwe ukasawazishwe.

Kukaza kupita kiasi nako huvujisha. Bolti za M6 za throto zinataka karibu Nm 10, na za M8 za manifoldi mara nyingi ziko kati ya 20 na 30. Kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu mbili. Manifoldi ya plastiki ikikazwa kwa nguvu za mkono mrefu hupata ufa mwembamba usioonekana mpaka injini iive na plastiki itanuke. Gari la namna hiyo huwa zima asubuhi na bovu saa sita.

Kisha fuata mipira. Mrija mnene unaokwenda kwenye busta ya breki ni wa kwanza, kwa sababu ukivuja unakuongezea revu na kukunyima breki kwa wakati mmoja. Ukikanyaga breki na kuhisi ni ngumu, gari hilo lisitoke nje ya geti. Baada yake tazama mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi), mpira wa presha wa regyuleta ya petroli kama upo, na mpira wa kenista ya mkaa (inayonasa mvuke wa tangi la petroli), ambao watu huubadilisha nafasi na mwingine kwa sababu vipimo vyake vinafanana. Manifoldi ya kununua mara nyingi huwa na vituo vya mipira, yaani vijibomba vya kuichomekea, zaidi ya vile vya gari lako. Kila kituo kisichotumika kinahitaji kofia ya mpira yenye klipu, wala si kifuko cha plastiki kilichofungwa kwa tepu. Kama injekta zilitolewa, pete zake ndogo za mpira za chini pia ni dirisha. Zinakauka, na zikirudishwa zile zile bila hata tone la oili hupasuka wakati wa kuingia.

Njia ya haraka ya kutenga ni kubana mpira mmoja mmoja kwa koleo lililovikwa kitambaa. Revu zikishuka ukibana mpira fulani, tatizo liko mwisho wa mpira huo. Kwa gasketi, watu hupulizia sprei ya kusafishia kabureta kando ya maungio na kusikiliza kama mlio unabadilika. Inafanya kazi, lakini inawaka moto: ekzosi iko karibu, na magari yenye distribyuta hutoa cheche. Chupa ya kupulizia maji inatosha mara nyingi. Penye uvujaji maji hunyonywa na injini huyumba kidogo. Mashine ya moshi ni bora kuliko zote. Inajaza moshi kwenye manifoldi injini ikiwa imezimwa, kisha unautazama unapotokea. Kama gereji unayoiamini inayo, lipia kipimo hicho kabla ya kulipia sensa yoyote.

Ukitumia geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, kumbuka uko wapi. Vitabu vinasema injini nzima inavuta inchi 17 hadi 21 za zebaki. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, presha ya hewa ni kama kPa 82 badala ya 101 ya Mombasa, na injini nzima hapa husoma takriban 12 hadi 16. Injini nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu fundi alisoma 14 akaogopa. Tumia tofauti hiyo hiyo kukagua sensa ya MAP: swichi ikiwa ON na injini haijawashwa, inapaswa kusoma karibu 82. Ikisoma 101 hapa Nairobi, inadanganya.

Mlangoni, kwa throto ya kebo

Chomoa kebo ya mafuta kwenye gurudumu la throto. Revu zikishuka, kazi imekwisha: kebo imevutwa. Throto isiyo ya asili mara nyingi ina gurudumu kubwa zaidi au kishikio kilichokaa milimita chache mbali, na kebo iliyokuwa sawa sasa inashikilia kipepeo (bamba la throto) wazi. Acha ulegevu wa milimita chache unaouhisi kwa kidole. Otomatiki za zamani huwa na kebo ya pili iendayo kwenye giaboksi. Hiyo usiichezee ili kushusha revu, maana ndiyo inayoiambia gia ibadilike lini na kwa presha gani.

Kama revu hazikushuka, tazama kipepeo chenyewe. Toa throto, iinue kwenye mwanga, utazame pembeni mwa bamba. Mwanga mwembamba unaolingana mzunguko mzima ni sawa. Mwezi mchanga upande mmoja ina maana bamba halijakaa katikati. Legeza skrubu zake mbili, liache lifunge lenyewe, ukaze tena kwa gundi ya nyuzi, kwa kuwa skrubu ikidondoka humezwa na silinda. Tikisa mhimili pia. Ukicheza juu na chini, umelika, na hewa inapita kwenye fani zake hata ufanye nini.

Skrubu ya kusimamishia kipepeo si ya kupangia revu. Kazi yake ni kuzuia bamba lisikwame kwenye ukuta. Kama mtu ameshaigeuza, irudishe nyuma mpaka bamba lifunge kabisa, ilete hadi iguse tu mkono wa throto, uongeze robo mzunguko. Hapo iache.

Baada ya hapo inakuja sensa ya throto. Kwa gari la kebo, bamba likiwa limefungwa, waya wa ishara unatakiwa kuwa karibu volti 0.5, na kupanda bila kuruka hadi zaidi ya 3.5 ukikanyaga mpaka chini. Ikianzia 0.9, ECU anaamini mguu bado uko kwenye mafuta na hajishughulishi kabisa na kupanga revu za kusimama. Matundu ya sensa nyingi ni marefu ili uweze kuizungusha: legeza skrubu mbili, zungusha ukiitazama mita, kaza, pima tena, kwa sababu kukaza huisogeza.

Namna revu zinavyokaa hukuambia mengi. Zikitulia juu bila kuyumba, shuku sensa ya throto au kebo. Zikipanda hadi 1,800, zikaanguka hadi 900, zikapanda tena bila kukoma, ECU anajua mguu haupo. Anaona revu zimezidi kiwango, anakata mafuta, injini inaanguka, anayarudisha, na hewa ile ya ziada inaipandisha upya. Mchezo huo ni wa hewa nyingi, wala si wa sensa ya throto, na kununua sensa hakutauzima.

Mwisho ni vali ya hewa ya kusimama, ile iliyofungwa kwenye throto yenyewe. Ndani ya mdomo wa throto, kabla ya bamba, kuna tundu dogo. Ndiyo njia yake. Injini ikiwa moto, ziba tundu hilo kwa kidole. Revu zikianguka sana, hewa inapita hapo: vali imekwama kwa masizi, au throto mpya ilikuja na vali isiyolingana na ECU wako. Za nyaya mbili, tatu na sita hazibadilishani, hata konekta ikiingia kwa kulazimishwa. Ukiwa na throto ya kununua na vali ya zamani bado nzima, isafishe na uihamishe.

Throto ya umeme na somo lake

Hapa hakuna kebo wala vali ya pembeni. Mota inafungua bamba, na ECU amekariri ni upenyo kiasi gani unatoa revu 700. Throto ya zamani ilikuwa na masizi, kwa hiyo alizoea kuifungua zaidi. Ukiweka mpya, au hata ukiisafisha tu ile ya zamani, upenyo ule ule unapitisha hewa nyingi na revu zinapanda. Throto pana inazidisha hali: kutoka milimita 50 hadi 60 eneo linaongezeka kwa asilimia 44. Kosa unaloweza kukuta ni P0507, linalosema revu ziko juu kuliko zilivyotakiwa. Kipuri hakina kosa hapo, kinahitaji kufundishwa.

Kwa Toyota nyingi, toa waya hasi wa betri au fyuzi za EFI na ETCS kwa dakika moja, rudisha, washa bila kugusa mafuta, uache hadi feni iwake. Washa AC dakika chache, kisha weka D ukiwa umekanyaga breki. Kwenye mashine utaona throto iliyofungwa ikisoma kati ya asilimia 10 na 22. Usishtuke, ndivyo sensa yake ilivyopangwa.

Nissan hawasamehi kirahisi. Note, Tiida au Wingroad inaweza kukaa na revu 1,200 wiki nzima mpaka mtu afuate utaratibu wake, ambao unaweza kufanywa kwa mashine au kwa mguu na saa. Injini iwe kati ya nyuzi 70 na 95, betri isipungue volti 12.9 injini ikizunguka, gia P au N, usukani umenyooka, taa na AC zimezimwa. Anza na pedeli: bila kuigusa, swichi ON sekunde 2, OFF sekunde 10, ON sekunde 2, OFF sekunde 10. Kisha bamba: ON, halafu OFF, usubiri sekunde 10 ukisikiliza mota ikisogea. Sasa revu zenyewe. Swichi ON, subiri sekunde 3. Kanyaga pedeli mpaka chini na kuachilia mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga mpaka chini na ushikilie kama sekunde 20: taa ya injini itaanza kuwakawaka, kisha itatulia ikiwaka. Ikitulia tu, achilia ndani ya sekunde 3, washa injini, na uiache sekunde 20. Sekunde moja ya kuchelewa inatosha kuharibu zoezi zima, kwa hiyo mtu wa pili ashike saa. Likigoma mara kadhaa huku masharti yote yametimia, rudi kutafuta dirisha. Nissan haikubali somo kama hewa inavuja.

Usisukume bamba la throto ya umeme kwa kidole swichi ikiwa ON. Gia zake za ndani ni za plastiki, na mota ina nguvu ya kukubana kidole.

Koni, vali ya tabo na ekzosi

Eakilina ya koni huja na paipu yake. Kama paipu hiyo ni pana kuliko ya kiwandani pale MAF inapokaa, hewa inapita mbele ya sensa polepole zaidi, sensa inasoma pungufu, na fidia inapanda bila uvujaji wowote. Angalia pia mshale wa MAF, unaelekea kwenye injini. Koni za pamba zinazopakwa mafuta zikilowa kupita kiasi huchafua waya mwembamba wa MAF. Lakini kosa linalojirudia kuliko yote kwenye kazi hizi ni mpira wa kupumua unaotoka kwenye kifuniko cha vali. Fundi anauchomoa, anaweka kifilta kidogo kwenye kifuniko, na kile kituo cha kwenye paipu kinaachwa wazi baada ya MAF.

Kwenye Subaru za tabo, vali inayomwaga hewa nje badala ya kuirudisha kwenye paipu huleta shida mbili. Ukiachilia mafuta, inatupa hewa ambayo MAF ilishaihesabu, na injini inapata mafuta mengi kwa sekunde. Gari likiwa limesimama, vakyumu ya manifoldi inaivuta spring'i laini, vali inafunguka kidogo, na hewa isiyohesabiwa inaingia kinyumenyume. Kaza spring'i kama ina skrubu, au rudisha vali inayorudisha hewa. Mlio utapungua.

Manifoldi ya ekzosi inayovuja kabla ya sensa ya oksijeni haipandishi revu sana, ila inavuta hewa ya nje na kumdanganya ECU kwamba mchanganyiko ni mwembamba, kwa hiyo huharibu hesabu ya fidia tuliyoitegemea hapo juu. Izibe kwanza kabla ya kuamini namba. Kwa zile injini zenye distribyuta, kama iliguswa wakati wa kazi, pima taiming, yaani wakati wa cheche. Ikiwahishwa, revu hupanda. Na kamshafti ya mbio inataka 900 au 1,000 kwa asili yake. Hiyo usiitibu.

Ukiwa bado dukani

Sehemu kubwa ya haya huzuilika kwenye kaunta ya Kirinyaga Road au Industrial Area. Nenda na throto ya zamani mkononi pamoja na namba ya chasisi, si jina la gari peke yake, kwa sababu Fielder mbili zinazofanana nje zinaweza kuwa na throto tofauti. Throto za umeme za Toyota huwa na namba inayoanza na 22030. Linganisha na tarakimu zinazofuata. Hesabu pini za konekta. Pima kipenyo kwa vernia. Inua kwenye mwanga, tikisa mhimili, fungua bamba kwa kidole na uliache lirudi: lirudi lenyewe bila kukwama, hata ukilifungua kidogo sana. Kama ni ya ex-Japan, yaani iliyotumika Japani, tazama rangi au muhuri kwenye skrubu ya kusimamishia. Ukivunjika, kuna mtu aliyetangulia kuigeuza, na kama muuzaji hakubali irudi baada ya kujaribiwa kwenye gari, omba nyingine.